Unga wa Chuma kwa Magoti ya Mama

Lweba, tarehe 7 mwezi wa tatu 1999

Kwa mudogo wangu Casimir,

Pokea salamu ingali mbichi, sababu najua mpaka ifike Ubelgiji itakuwa imekauka sawa ndagala. Mi niko muzima. Norbert bwana yangu iko muzima, anavua siku ile basoda, bale benye bunduki, banamuachia ziwa. Batoto watatu bako bazima, Clarisse ametoa meno mbili. Baba mudogo Jérémie anakohoa, lakini mudomo yake haikohoi, anasema tu kama zamani. Mama anakusalimia na anauliza kama kule munakulaka sombe.

Tangu tumuzike Baba, mwezi wa nane ule vita ilianza, kiti yake iko palepale kwa ukuta. Hakuna muntu anaikalia. Ni yako, na ni juu ya ile kiti ninakuandikia.

Magoti ya Mama imekwisha. We unajua ile magoti: miaka makumi tatu ya muhogo kwa mugongo, kamba kwa paji ya uso, kutoka mulimani mpaka soko ya Baraka. Sasa ukimuangalia akisimama utageuza macho. Na hapa kwetu, Casimir, magoti haiko tena maneno ya bazee. Kila mara bunduki inalia barabarani tunapanda mulima, na mwenye hawezi kupanda anabaki. Bale walibaki mwezi wa kwanza, tulibazika.

Mvua ya mwaka 97 Isidore alikuja, ule anafua majembe kule Kilembwe. Alimuchanja Mama chale saba kwa kila goti, akapaka ule unga wa chuma unaangukaka chini ya nyundo, umechanganywa na mawese. Mama alilia siku moja muzima. Kisha juma mbili alipanda mulima na miguu yake mwenyewe, chungu kwa kichwa. Usiniulize namna gani. Niliona na macho. Vita ilipoingia alitupita sisi wote njiani. Lakini mwezi wa kwanza huu Norbert alimusukuma mugongo mpaka juu. Dawa imeisha nguvu.

Isidore iko tayari kurudi mvua ya mwezi wa tisa. Shida ni moja. Hatii wembe kwa mujane kama mwenye kiti hajatoa neno. Ba baba yake walifanya vile, na yeye hata umubembeleze namna gani hakubali. Ile mara ya kwanza Baba alikuwa hai, ndiye alitoa neno. Sasa ni wewe.

Nakuomba neno moja tu: ndiyo. Andika na mukono yako, weka signature. Barua ipitie kwa Padri kule Bujumbura.

Ni mimi yaya yako, dada mukubwa,
Pulchérie


Liège, 20 Mei 1999

Yaya Pulchérie mpendwa,

Barua yako imefika imekunjwa mara nane na inanuka samaki. Niliinusa kwanza ndipo nikaisoma. Mimi ni mzima. Baridi imepungua. Mwambie Mama sombe ipo, majani yale yale ya muhogo, inauzwa imeganda kama jiwe, na nikiipika majirani wanafungua madirisha. Wabusu watoto. Mwambie Baba mdogo Jérémie anywe tangawizi.

Yaya, kuhusu Isidore jibu langu ni hapana. Tafadhali usikasirike kabla hujamaliza kusoma.

Unajua nafanya kazi kwenye maabara, lakini sijawahi kukueleza kazi yenyewe. Ni kazi ya magoti! Kwenye ncha ya mfupa kuna kitu cheupe, kigumu, kinateleza, kile ambacho wewe ulikuwa unakitafuna kwenye mguu wa kuku na kuninyima. Kinaitwa gegedu. Goti likifanya kazi kupita kiasi, gegedu inachakaa kidogo kidogo, na picha za kawaida za hospitali haziioni. Zinaona mfupa tu. Mgonjwa anaambiwa hana kitu, na kumbe ameanza kuharibika.

Sisi tunatengeneza chembe za chuma, ndogo mno. Ukizipanga mia tatu mstari mmoja, hazizidi upana wa chembe moja ya damu. Tunazidunga ndani ya goti. Pale gegedu ilipochanika, chembe zinaingia. Pale ilipo nzima, hazipiti. Kisha goti linalazwa kwenye mashine kubwa ya sumaku, na picha inaonyesha weusi mahali chembe zilipoingia. Tunauona ugonjwa kabla mtu hajaanza kuchechemea. Kwa sasa tunafanya kwa sungura, mwakani tutaanza kwa watu.

Profesa wetu anatafuta magoti yaliyobeba mizigo kweli, siyo ya wazee wa hapa waliokaa ofisini. Nimemwambia habari za Mama. Alisikiliza vizuri sana. Nataka kumleta Mama hapa, Yaya. Ndiyo maana namkataza Isidore. Unga wake ni chuma, na chuma kwenye ngozi kitatia doa jeusi juu ya picha nzima. Hata sumaku inaweza kukivuta na kuunguza. Chale za mwaka 97 tayari zinanitia wasiwasi. Akiongeza nyingine, hawatampokea.

Basi asichanjwe. Hilo ndilo neno langu, nami naliwekea saini kama ulivyotaka.

Mdogo wako,
Casimir


Lweba, tarehe 2 mwezi wa nane 1999

Casimir,

Tuko bazima, tunashukuru. Mvulana yangu wa kwanza alishikwa na malaria, ameamka. Mango ya Norbert, ile mashua yake anaiita vile, basoda walichukua siku nne wakairudisha bila kasia. Jérémie alikunywa tangawizi na sasa anakohoa na harufu nzuri.

Barua yako niliisoma mbele ya jamaa yote. Kiswahili yako imekuwa ya radio, ilibidi nirudilie mara mbili. Kisha Jérémie aliweka mukono juu ya kiti ya Baba na akasema, mwenye kiti amesema. Ikawa imekwisha. Mi nilitaka kupinga, banamuke wenzangu baliniangalia vibaya. Mama mwenyewe ndiye alinifunga mudomo: "Mutoto yangu amesoma magoti. Isidore amesoma majembe." Alisema vile na furaha, Casimir. Tangu ile siku anatembea, hapana, hatembei, anakaa mbele ya mulango na anaambia kila mupita njia kama mwana wake iko na mashine.

Nilimutumia Isidore habari asikuje.

Mwezi wa sita tulikimbia tena. Norbert alimubeba Mama kwa mugongo. Goti ya kuume imevimba sawa kichwa ya mutoto. Kule mulimani tulilala siku tano, mvua haikunyesha, ni bahati. Kushuka alimubeba tena, na bega yake mpaka leo inamuuma. Norbert haiko punda, naye anazeeka.

Sasa nakuuliza, na unijibu sawa muntu anamujibu yaya yake, sio sawa profesa. Umeandika ile mashine inaona. Umeandika mara nyingi, inaona, inaonyesha. Nimetafuta ndani ya karatasi neno moja sijaliona. Ile mashine inaponyesha mugonjwa? Ndiyo ao hapana.

Mama anakusalimia. Anauliza avae kikwembe gani siku ya kupanda ndege.

Pulchérie


Liège, 11 Oktoba 1999

Yaya mpendwa,

Nimefurahi kusikia mtoto ameamka. Hapa majani yameanza kuanguka, nimenunua koti la mtumba refu mpaka kwenye magoti, ungeniona ungecheka mpaka ulie. Mpe Norbert pole ya bega. Mwambie Mama avae kile kikwembe cha bluu cha Pasaka.

Yaya, swali lako ni zuri, lakini sayansi haijibiwi kwa ndiyo au hapana. Huwezi kutibu kitu usichokiona. Kuona ndio mwanzo. Mara goti la Mama litakapoonekana sawasawa, mengine yatafuata, kuna madaktari wakubwa katika mji huu, hata ndani ya jengo letu la maabara. Nakuomba subira.

Nimeweka ndani ya bahasha picha moja. Ni goti la sungura. Ule mstari mweupe ni gegedu nzima, na pale penye alama nyeusi kama ukucha ndipo chembe zetu zilipoingia. Ni mimi niliyeitengeneza ile picha, Yaya. Profesa aliionyesha mbele ya watu mia mbili, na jina langu liliandikwa chini yake.

Nimeweka pia karatasi ya maswali. Jaza kwa niaba ya Mama: alianza kubeba mizigo na umri gani, uzito wa mzigo, saa ngapi za kutembea, goti lipi lilianza. Usiache hata nafasi moja tupu.

Na tafadhali sana, Isidore asimguse. Sasa tuko karibu.

Casimir


UJUMBE WA MUSALABA MWEKUNDU
Habari za jamaa tu. Barua hii itasomwa njiani.

Uvira, tarehe 15 mwezi wa pili 2000

Casimir, mi muzima. Norbert muzima. Batoto bote watatu bazima. Baba mudogo Jérémie muzima. Nyumba ya Lweba iliungua, hatuko tena kule. Usitume kitu, usiandike Lweba. Nitakupa adresi.
Pulchérie


Liège, 3 Aprili 2000

Yaya wangu,

Ujumbe wako wa Msalaba Mwekundu umenifikia. Pole sana kwa nyumba! Lakini kama wote mko hai, nyumba ni miti na udongo, itajengwa. Naona karatasi ile ni ndogo hata salamu ya Mama haikuenea. Mpe yangu.

Sasa keti chini usome. Imepatikana! Profesa ameandika barua ya mwaliko, ina mhuri, ina jina la Mama lote: Adolphine. Mama atakuwa mtu wa kwanza, baada ya sungura, kupigwa picha kwa chembe zetu. Yule ambaye watu wa Baraka walimwona akipita na kamba kichwani! Hata karatasi yangu ya kukaa hapa imeongezwa mwaka mmoja, kwa ajili ya kazi hii. Nilikuwa na hofu juu ya hilo, sikutaka kukwambia.

Unaona sasa kwa nini nilikataa mambo ya Isidore? Kama angemchanja mwezi wa tisa, leo tungekuwa tunalia.

Mfikisheni Bujumbura kabla ya mwezi wa saba. Norbert ambebe mpaka kwenye mashua, na huko Padri atampokea. Naweka nakala ya mwaliko. Kile kikwembe cha bluu, kama hakikuungua, avae.

Sijapata ile karatasi ya maswali. Niandikie upesi.

Mdogo wako mwenye furaha,
Casimir


Kambi ya Lugufu, Kigoma, tarehe 9 mwezi wa sita 2000

Casimir,

Mi muzima. Norbert muzima. Batoto bazima, Clarisse anatembea. Jérémie iko na sisi hapa ndani ya hema ya plastiki. Hesabu bantu wenye nimetaja. Ni bale bale nilitaja Uvira. Karatasi ile ilikuwa inatosha, Casimir. Ungetaka kujua, ungejua.

Mama amekufa tarehe tisa mwezi wa kumi na mbili, siku ya alhamisi. Sikuandika sababu basoda ndio walisoma ile karatasi, na kifo ya mama muntu hapeleki kwa mukono ya aliyemuua. Kisha nilikaa kimya sababu nilikuwa nawaza, wacha afurahi kidogo na mashine yake. Hapo nilikuwa mubaya. Sasa barua yako ya mwaliko imetufikia hapa, Padri aliituma na muntu wa mashua. Jérémie alisikia jina ya Mama inasomwa na mhuri, akatoka nje.

Utasoma yote, sitakuachia hata moja.

Mwezi wa tisa Isidore alikuja hata kama nilimukataza. Alitembea kutoka Kilembwe, siku mbili, ndani ya vita. Alikaa kwetu siku tatu. Kila asubuhi alinoa wembe, alikaa mbele ya kiti ya Baba, aliniuliza, neno imekuja? Nilikuwa na barua yako, niliisoma tena kama ingegeuka. Haikugeuka. Siku ya inne aliacha unga ndani ya karatasi ya cahier ya masomo akasema, siku neno itakuja muniite. Ningeweza kumudanganya, Casimir. Ningesema tu umeandika ndiyo. Mama hajui kusoma, Jérémie haoni vizuri. Sikudanganya, na ile kitu inanikula.

Ile photo ya sungura ilifika. Mama alikuwa anaionyesha banamuke kanisani: goti yangu itakuwa vile. Ile karatasi ya maswali tulianza kuijaza. Tulifika pale inauliza saa ngapi za kutembea.

Ile alhamisi Norbert alikuwa ziwani. Bunduki ililia karibu sana. Nilifunga Clarisse mbele, nikamuchukua Mama nyuma, wale wawili wakubwa wakishika kikwembe yangu. Nilipita shamba ya kwanza. Shamba ya pili nilianguka na wote. Mama akasema, niweke hapa. Nikasema hapana. Akasema, niweke, mi nitajificha ndani ya muhogo, kesho Norbert atanichukua. Nilimuweka chini. Mi mwenyewe, na mikono yangu. Alisema, angalia kichwa ya mutoto, tawi litamupiga. Sikugeuka tena.

Kisha siku mbili tulirudi. Hakujificha. Alikuwa amejivuta na tumbo kutufuata, mpaka pale njia inaanza kupanda. Alama yake ilikuwa ndani ya udongo, ndefu. Photo yako tuliikuta ndani ya kikwembe yake, ile ya bluu.

Sijui kama unga ya Isidore ingemuokoa. Usiniandikie kama ni mambo ya ushamba, mi pia sijui. Najua tu mwaka 98 alitupita njiani.

Bitu viwili ninataka kwako. Ya kwanza: matanga haijaondolewa. Miezi sita hatujanyoa nywele, Norbert hatengenezi hata nyavu. Mwenye kiti ndiye anatoa neno, hata kama kiti imeungua. Toa neno, fupi, sitaki habari ya majani ya miti kule kwenu.

Ya pili ni lile swali langu la mwaka jana. Unalijua. Ndani ya barua hii nimeweka unga ya Isidore ndani ya karatasi yake, nilikimbia nayo ndani ya nguo. Uipeleke kwa mashine yako, iangalie vizuri, kisha unijibu.

Pulchérie


Liège, 27 Agosti 2000

Yaya,

Kwa kiti cha Baba, ondoeni matanga ya Mama Adolphine. Nyoeni nywele. Norbert arudie nyavu zake. Mimi nimenyoa leo asubuhi, peke yangu.

Unga nimeupokea. Niliufungua mbele ya kipande kidogo cha sumaku, siyo mashine, sikuweza kuingia kule. Ulisimama wote juu ya karatasi. Nimeukunja tena kama Isidore alivyoukunja, uko mfukoni mwa lile koti.

Mwaliko nimeurudisha. Profesa aliuliza kama kuna mtu mwingine wa kijiji kile, mwenye magoti kama yale. Nikamwambia sijui, nikatoka.

Sasa swali lako, ulilouliza mwezi wa nane mwaka jana, ambalo nililisoma siku barua ilipofika na kulielewa.

Hapana. Haiponyeshi. Nilikuwa najua.

Casimir